Jina Lako Katika Hesabu ya Ngoma

Tusekile mwanangu,

Barua hii utaikuta chini ya blanketi ukishafika na kufungua sanduku. Sasa hivi ninavyoandika, wewe uko nyumba ya pili kwa bibi yako, anakunyoa nywele za kwenda shule, na nakusikia unavyocheka. Ningeweza kukuita nikakuambia kwa mdomo. Lakini unanijua. Ningekuita, ungekuja, ungesema "Abee, tata," halafu ningekutuma maji.

Leo Jumapili, barabara haina kazi, jua bado lipo. Mama yako ameenda kutafuta sabuni. Mambo ya sabuni, na ya kushona hela kwenye pindo la gauni, na ya kutolala mdomo wazi kwenye basi, ameshakuambia, na kesho ataanza upya mpaka basi liondoke. Mimi hapo sina la kuongeza. Basi litasimama Igawa ili watu wapate kula, jioni wewe na wenzako wa shule mtashuka Ipogolo, na mwalimu atakuwa anawasubiri hapo mpande naye Iringa mjini. Basi.

Mimi nataka kukuandikia juu ya siku ya hesabu ya chama. Siku ile ngoma iliponyamaza kwenye jina lako. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na wenzako, nikaona unaniangalia, halafu ukakimbia. Mama yako alikukuta nyuma ya nyumba unalia. Baadaye ukaambiwa utaenda shule, ukafurahi, ukanyamaza. Hujaniuliza kitu tangu siku ile. Na mimi sijasema. Lakini naona unavyoniangalia wakati mwingine nikila, kama mtu anayetaka kuuliza, ukaacha. Hiyo nimekurithisha mimi, na katika vyote ningekupa, hicho sikutaka uchukue.

Mwandiko wangu usiucheke sana. Shule ya misheni nilikaa miaka miwili nikatolewa kwenda kuchunga. Herufi kubwa nilizipata huko. Ndogo nimezipata kwako, ulipokuwa unaandika kwenye kibao chako pale jikoni, mimi nimekaa nyuma yako najifanya natengeneza mpini wa jembe. Ule mpini ulichukua mwaka mzima. Nadhani ulijua, kwa sababu ulianza kuandika polepole na kwa mwandiko mpana, na kutaja kwa sauti, na hukugeuka nyuma hata mara moja. Kwa hilo nakushukuru. Ungegeuka ningeacha.

Nilikupata nikiwa kijana bado. Mama yako na mimi tulikuwa kama watoto wawili waliopewa mtoto. Mpaka leo tukienda sokoni watu wanadhani mimi ni kaka yako, na wewe kwa utundu wako unawaacha wadhani hivyo. Baba wengine walikuwa na maneno ya kumpa mtoto. Mimi nilikuwa sina. Nilichokuwa nacho ni kazi ya barabara, na chama cha ngoma jioni. Kwenye chama watu hawanidai maneno, wananidai mikono.

Aliyeniingiza pale ni baba yako mkubwa Ambakisye. Unajua si ndugu yetu wa damu, ila tumekaa naye ukuta kwa ukuta tangu hujazaliwa. Zamani yeye ndiye alikuwa anapiga ngoma kubwa. Alianguka kwenye paa akiezeka, bega likamharibikia, akashindwa kupiga usiku kucha kama harusi zinavyotaka. Akaja kwangu. Nikamwambia mimi sijui kupiga, na watu wengi wananitisha. Akasema, "Hiyo ndiyo nzuri. Maneno yaliyokujaa humo ndani lazima yatoke mahali. Tutayatoa kwa mikono." Akanifundisha msimu mzima, ananitukana na kunilisha. Ningekuwa na ndugu mkubwa wa damu asingenifanyia zaidi.

Sasa habari ya hesabu yenyewe. Wewe umezaliwa ukaikuta, unaweza kudhani kila chama duniani kinafanya hivyo. Huko shuleni ukiwasimulia wenzako watakushangaa, kwa hiyo nakupa ilivyo. Chama chetu hakina hela nyingi. Zinaingia kwa harusi, kwa sherehe za wenye maduka, na safari moja ya Ubaruku watu wakishavuna mpunga. Zinatoka kwa lori, kwa ngozi, kwa kitambaa cheupe cha mashati, kwa kibali cha boma na chakula cha njiani. Mavuno yakiisha, kabla mvua haijaanza, tunakaa siku moja nyumbani kwa Bi Zuhura, mwimbishaji wetu, tunatazama mwaka mzima. Kinachobaki kinagawanywa, kila mtu mgawo wake. Na kwa kuwa wengi hatusomi, hesabu hatuisomi. Tunaiimba.

Bi Zuhura anaita, watu wanaitikia, mimi napiga chini yao. Anataja safari moja moja: tulikwenda wapi, tulipewa nini, tulitumia nini. Mtu akiona jambo fulani si kweli, au halifai, anapiga kelele, na mimi nasimamisha ngoma. Ngoma ikinyamaza, jambo limekataliwa. Aliyekataa anasimama anatoa sababu. Akishindwa kutoa sababu, jambo linatupwa mpaka hesabu ya mwaka mwingine. Lakini likipita na ngoma inalia, limekubaliwa, hakuna kulirudia sokoni wala kisimani. Na mpiga ngoma naye ni mwanachama. Yeye hapigi kelele. Akikataa, anaacha kupiga tu. Hiyo ndiyo kauli yake.

Miaka yote niliyopiga sikuwahi kuitumia.

Mwaka ule ulikuwa na jambo la kuchekesha na la kuuma pamoja. Ubaruku walitulipa mpunga, magunia. Tulipaswa kuupandisha Mbeya tuuze. Lakini pale pale kulikuwa na fundi wa ngoma, ngoma zake zinalia mpaka kifuani, na zetu zilikuwa zimechoka. Tukabadilishana naye karibu mpunga wote kwa ngoma mbili mpya. Jioni ile tulizipiga katika lile joto la bondeni, watu wakalia kwa raha. Tukapanda lori, tukafika Mbeya mwezi wa sita, ukungu umeshuka kutoka mlima Loleza mpaka milangoni. Nikapiga. Tusekile, ilikuwa kama kupiga gunia la unga. Ngozi iliyokazwa kwenye joto ilikuwa imelegea yote. Ile harusi iliyofuata tulicheza na moto mkubwa pembeni, kila wimbo ukiisha vijana wanakimbia na ngoma kwenda kuziotesha moto, wanarudi nazo, wimbo mmoja, wanakimbia tena. Bibi harusi alicheka mpaka akakaa chini. Baba yake hakucheka, alikata nusu ya malipo.

Kwa hiyo siku ya hesabu kila mtu alijua mgawo utakuwa mwembamba. Ambakisye aliingia akisema mapema, ili watu wasikie, "Mimi mgawo wangu msiuonee wivu. Unatoka hapa unaenda boma moja kwa moja. Kodi ya kichwa hainijui jina, inajua kichwa tu." Watu wakacheka. Lakini haukuwa mzaha. Mahindi yake yalikuwa yameliwa na nguruwe, na hakuwa na kitu kingine cha kuuza.

Na mimi nilikuwa na langu kifuani. Wewe ulikuwa umefaulu darasa la nne, umepata nafasi shule ya kati ya wasichana kule Iringa, na mwalimu wako alikuwa ameniita. Ada, blanketi, sanduku, gauni mbili. Alitaja polepole kama mtu anayepakia mzigo juu ya punda, anatazama kama atasimama. Nikasema, "Ndiyo, mwalimu." Mshahara wa barabara unaujua. Niliuza baiskeli, ukajua. Niliuza koti la harusi yangu, hukujua. Haikufika hata nusu. Nafasi yenyewe haingojei. Kama Januari huonekani, anapewa mwingine. Sikumwambia mtu. Nilimwambia mama yako tu, na mama yako, bila kuniambia, alimwambia Bi Zuhura wakati wananunua vitumbua. Kwa hilo nilikasirika wiki nzima, na sasa namshukuru kila siku.

Basi tukaanza. Bi Zuhura unamjua akisimama na kanga yake kiunoni. Yeye wa pwani anatuita watu wa bara wazito wa ulimi, lakini kwa kuimbisha hakuna anayemfikia.

"Harusi ya mwenye duka, Igawa!"

"Tulikwenda!"

"Tulirudi na nini?"

"Na shilingi na mbuzi!"

"Mbuzi yuko wapi?"

"Kaulize tumbo!"

Akaenda Ubaruku, akauliza mpunga tuliufanya nini, watu wote wakaitikia, "Tulinunua mabubu mawili!" Wakacheka, na mimi nikacheka nikipiga, nikaona mwaka huu hata hasara inapita vizuri. Akataja lori. Akataja mashati. Akataja kibali cha boma. Halafu akaongeza kitu ambacho hakuna aliyekitegemea.

"Kibali tulisomewa na nani?"

Watu wakababaika kidogo. Mmoja akasema, "Tusekile!"

"Barua ya mwenye lori tuliandikiwa na nani?"

Sasa wengi. "Tusekile!"

"Mwaka huu peke yake?"

"Hapana!"

"Karani wetu tulimlipa nini?"

Hakukuwa na kiitikio cha hapo, hatukuwahi kuimba hapo. Halafu mama mmoja nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Hatukumlipa." Wakaichukua wote, "Hatukumlipa! Hatukumlipa!" Bi Zuhura akageuka akaniangalia mimi, akaimba, "Tusekile tumlipe nini?" na wale wanawake, ambao sasa najua walikuwa wamepanga, wakapaza, "Shule!"

Mikono yangu ikasimama.

Ndivyo ilivyokuwa. Sikuisimamisha kwa kutaka. Nilisikia jina lako katika vinywa vya watu wote wale, na hela za watu wote wale, na mikono ikawa kama si yangu. Nilikuwa naona aibu mpaka masikio yanawaka. Nilitaka kujificha. Nikajificha mahali pekee palipokuwepo, nyuma ya ngoma. Na ngoma ikanyamaza.

Ndipo nikakuona mlangoni. Ulichoelewa wewe ndicho walichoelewa wote. Baba amekataa.

Ulikimbia, kwa hiyo yaliyofuata hukuyaona. Ndiyo maana naandika.

Ambakisye alikuwa wa kwanza kusema. Alisimama, akapiga makofi mara moja. "Haya! Baba mtu mwenyewe kakataa. Mimi ni nani nibishe? Tugawane, giza linakuja."

"Kaa chini wewe," Bi Zuhura akamwambia. "Jua hilo bado liko juu. Giza liko mfukoni mwako."

"Mfukoni mwangu hamna hata giza, Bi Zuhura."

Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, wakanigeukia mimi.

"Baba Tusekile," Bi Zuhura akasema, "desturi unaijua. Simama, mwanangu. Toa sababu."

Nikasimama. Miaka yote kwenye chama kile watu hawajawahi kusikia sauti yangu ikisema maneno matatu mfululizo. Niliangalia mlango, wewe hupo. Niliangalia chini. Mtu mmoja akasema, "Mpeni maji." Mwingine akasema, "Mpeni ngoma, labda atasema nayo." Nilijua nisiposema kitu, jambo lako linatupwa mpaka mwaka mwingine, na mwaka mwingine hakuna nafasi. Nilijua kabisa, na mdomo haukufunguka. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Nikasema, "Sikukataa."

"Ngoma imenyamaza," Ambakisye akasema. "Nani aliinyamazisha, panya?"

"Niliona haya," nikasema.

"Haya ya nini? Hela si yako!"

Hapo walicheka sana, na Ambakisye mwenyewe alicheka, na nadhani kicheko kile kiliniokoa, kwa sababu katikati ya kelele nikaweza kusema kile nilichokuwa nacho. Nikasema, "Nataka aende. Nataka sana. Nimeona haya kwa sababu nataka sana."

Basi wakaanza kubishana, na mabishano yale ningependa ungeyasikia. Je, haya ni sababu? Wengine wakasema sababu lazima iwe ya hesabu: hela hazitoshi, au safari haikuwepo. Haya si hesabu. Wanawake wakasema mtu akiona haya amekubali, hata bibi harusi akiulizwa anainamia chini na hakuna anayesema kakataa. Mzee mmoja akasema, "Kwa hiyo Baba Tusekile ni bibi harusi?" Vicheko tena. Mwisho wakakubaliana kwamba haya ni sababu, ila mtu hawezi kupigia ngoma jambo la mtoto wake mwenyewe, lilikuwa kosa letu sote tangu mwanzo kutolifikiria. Jambo liimbwe upya, na mwingine apige.

Nani apige? Ngoma ile kubwa tunaiweza watu wawili tu.

Bi Zuhura alichukua vijiti kwangu, akavipeleka mpaka alipokaa Ambakisye, akamnyooshea. Chumba chote kilikuwa kinajua kodi yake. Kilikuwa kinajua mgawo ukitolewa ada yako utabaki nusu, na nusu hailipi kichwa kizima.

"Mnanipa mimi?" akasema. "Mimi? Mnajua nitakachofanya?"

"Tunajua," Bi Zuhura akamjibu.

"Hamjui kitu nyie."

Akavichukua. Akakaa nyuma ya ngoma, akaligusa bega lake lile bovu, akatemea mikono mate. Bi Zuhura akaanza tangu kibali. Tukaitikia, na mimi mara ya kwanza maishani nikawa naitikia na watu, maana sikuwa na kazi nyingine ya kufanya na mikono. Kibali tulisomewa na nani. Barua tuliandikiwa na nani. Kila mtu anaangalia mikono ya Ambakisye. Yeye hatuangalii, amefumba macho. Bi Zuhura akafika pale: "Tusekile tumlipe nini?"

"Shule!"

Na ngoma ikalia. Ikalia, mwanangu. Akapita palepale mikono yangu ilipokufa, akapita kwa nguvu kuliko nilivyowahi kumsikia tangu aanguke, akaendelea wimbo ukiwa umeisha, watu wameacha kuitikia, yeye anapiga tu, jasho linamtoka, hakuna aliyethubutu kumwambia basi. Alipomaliza alitupa vijiti chini, akashika bega, akasema, "Haya. Leteni hivyo visenti vilivyobaki."

Jioni nilimpelekea mgawo wangu. Niliziweka hela juu ya kigoda chake. Aliziangalia, akanirudishia mkononi. "Hizi za blanketi. Iringa kuna baridi kama kwetu, hujui?" Nikazikataa, akazikataa, mke wake akatuambia tukasukumane nje. Mwisho nilirudi nazo. Ndilo hilo blanketi la pili, lile la mistari.

Nilidhani atapata hela mahali. Sikuuliza. Mvua zikaanza. Jumatatu moja tuko barabarani, tunafukua mtaro uliojaa matope, tarishi wa boma akaleta watu waliokosa kodi, waje kuilipa kwa kazi. Wanaletwa kwenye mstari, wanapewa jembe, watu wa barabarani tunawajua kwa nguo zao, kwa sababu siku ya kwanza wanakuja na nguo nzuri bado hawajaamini. Wa nne alikuwa Ambakisye.

Sikujua niangalie wapi. Yeye akaja mpaka pembeni yangu, akachomeka jembe. "Nimekuja kukusaidia," akasema. "Nilipita hapa juzi nikaona kazi inakushinda."

Alifanya kazi pale mpaka kodi ilipokwisha, na bega lile. Kila asubuhi nilijaribu kuchukua sehemu yenye mawe kabla hajafika, na kila asubuhi aliniambia nisimfanye mgonjwa. Tulikula pamoja, viazi alivyotupikia mama yako. Siku zote zile hakutaja ngoma, hakutaja shule. Mara moja tu, mvua inanyesha tumejikinga chini ya lori, aliniuliza, "Huyo mtoto, hesabu anazijua lakini? Isije ikawa tumempeleka akasome nyimbo." Nikamwambia anazijua sana. Akasema, "Basi."

Wewe siku zile ulikuwa unamuona anarudi na matope ukadhani analima.

Nakuambia haya siyo ili uende na mzigo kichwani. Nilifikiri sana kama nikuambie. Lakini sikutaka uende ukidhani kwamba baba yako alikataa halafu watu wakamlazimisha. Hapana. Nilitaka kuliko wote mle ndani, na kwa kutaka kule nikakaribia kukupotezea. Na sikutaka ule chakula cha shule bila kujua nani alikichimbia. Ukijua, nadhani kitakuwa kitamu zaidi. Mimi hivyo ndivyo ninavyoona. Tangu siku ile nikila ugali wangu nauona mtamu, sijui nieleze vipi, kama mtu aliyegundua nyumba yake ina vyumba ambavyo hakuwahi kuingia.

Na jambo jingine dogo. Huko kuna siku watu watakutendea wema ukiwa umesimama mbele yao, na utataka kukimbia. Nakujua, umetoka kwangu. Utaangalia chini, na wao watadhani hutaki. Usiangalie chini. Sema chochote. Sema ndaga, asante yetu ya nyumbani, hata kama hawajui Kinyakyusa watakuelewa. Mimi nilichelewa kujua kwamba kupokea nako kunataka ujasiri, na nilifundishwa hilo mbele ya watu, wanacheka.

Nimeandika nyingi. Kumbe mkono ukianza unakwenda.

Nilikuwa naishia hapo, lakini Ambakisye amekuja na kamba ya kufungia sanduku. Amesimama mlangoni, ananiangalia nilivyoshika kalamu.

"Unafanya nini?"

"Naandika barua."

"Ya nani?"

"Ya Tusekile."

Akasikiliza kidogo. Ulikuwa unacheka huko na bibi yako. "Na huyo anayecheka hapo ni nani?"

"Ndiye."

"Stempu umeweka?"

Tumecheka. Halafu akaiangalia karatasi, hajui kusoma lakini aliiangalia kwa muda, naona aliona ni ndefu kuliko inavyopaswa. Akakaa juu ya sanduku lako. Akasema, "Umemwandikia mambo gani?"

"Mambo ya chama."

"Usimwandikie mambo ya barabara."

Nikaifunika karatasi kwa mkono.

"Mtoto anatakiwa aende mwepesi," akasema. "Mwandikie kodi nililipa dirishani, kwa fedha, nikapewa risiti. Mwandikie hivyo."

Nikamwambia sawa. Nimemtuma akanywe uji kwa bibi yako kwanza, ili nipate nafasi ya kuweka barua hii chini ya blanketi kabla hajakaza kamba.

Kwa hiyo, mwanangu, baba yako mkubwa anakusalimu, na anasema kodi alilipa dirishani akapewa risiti. Ukirudi likizo mpigie goti kama siku zote. Akikuuliza, mwambie ndivyo nilivyokuandikia.

Ndaga fijo, Tusekile. Kwa kuwa mtoto wetu sote.

Mimi tata wako.